Wati 100 na waya juu ya bati: namna ya kushindana CQ World Wide ukiwa nyumbani Afrika Mashariki

Tuanze na hesabu maana watu wengi wanaanza na antena afu wanakata tamaa mapema. Mjerumani mwenye mnara wa mita 30 nyuma ya nyumba akiongea na Mtaliano kwenye mashindano ya redio ya CQ World Wide anapata pointi 1. We uko Tabata, redio ya wati 100, waya umefungwa upande mmoja kwenye mwembe na upande wa pili kwenye bomba la tangi la maji, ukiongea na huyohuyo Mtaliano unapata pointi 3. Hakuna upendeleo hapo, ni kanuni tu, na ukiielewa hiyo kanuni utaona kwamba mtu wa kwetu mwenye vifaa vya kawaida ana nafasi kubwa kuliko anavyodhani.

CQ World Wide, wenyewe wanaita CQ WW, ndo mashindano makubwa kuliko yote ya redio za ridhaa, yaani watu wenye leseni wanaowasiliana hewani kwa kupenda tu, sio kwa biashara. Ya sauti yanafanyika wikiendi kamili ya mwisho ya Oktoba, ya Morse wikiendi kamili ya mwisho ya Novemba. Ni saa 48 mfululizo. Yanaanza saa sita usiku kwa saa za dunia, yaani kwetu saa tisa usiku wa kuamkia Jumamosi, na yanakwisha saa tisa usiku wa kuamkia Jumatatu. Kazi yenyewe ni kuongea na watu wengi iwezekanavyo wa nchi nyingi iwezekanavyo kwenye bendi sita, yaani vipande vya masafa vinavyoitwa kwa urefu wa wimbi: mita 160, 80, 40, 20, 15 na 10. Bendi za mita 30, 17 na 12 haziguswi, wameziacha kwa makusudi ili wasiopenda mashindano wapate pa kupumulia.

Na maongezi yenyewe sio maongezi. Hakuna habari za asubuhi, hakuna watoto hawajambo. Mnapeana kolsaini (zile herufi na namba za kwenye leseni zinazokutambulisha hewani), unampa ripoti ya usikivu na namba ya zoni yako, naye anakupa yake, basi, sekunde kumi nyingi. Dunia imegawanywa zoni 40, na sisi Tanzania tuko zoni 37 pamoja na Kenya, Uganda, Malawi, Msumbiji, Ethiopia, Eritrea, Djibouti na Somalia. Kwa hiyo unasema "59, 37", yeye anakujibu labda "59, 14", mmemalizana. Kichekesho ni kwamba kila mtu anapewa 59, yaani "nakusikia vizuri kabisa", hata yule umemsikia kama anaongea ndani ya pipa, 59 hiyohiyo. Kinachoangaliwa ni zoni na kolsaini tu.

Sasa pointi zinavyokaa. Ukiongea na mtu wa bara jingine, 3. Mtu wa bara lako nchi tofauti, 1 (Amerika ya Kaskazini wao kwa wao wanapata 2, ndo mabara yalivyo, usiulize). Mtu wa nchi yako mwenyewe, 0. Kwa hiyo ukiwa Dar, mtu wa Muscat ana pointi 3 kwa sababu Oman iko Asia, wakati mtu wa Kigali ana pointi 1 japo mnaweza kuongea Kiswahili. Wazungu wote 3, Wajapani wote 3, Wamarekani wote 3. Wateja wakubwa wa mashindano haya wako Ulaya, Marekani na Japani, na wote wako nje ya bara letu. Mtu wa Poland inabidi atoke nje ya Ulaya ndo apate tatu, sisi tatu zinatufuata nyumbani.

Afu kuna vizidishi, na hapa ndo mchezo wenyewe ulipo. Kila nchi mpya unayoipata kwenye bendi ni kizidishi kimoja, na kila zoni mpya kwenye bendi ni kizidishi kingine. Ukihama bendi unaanza upya, yaani Italia ya mita 10 na Italia ya mita 15 ni vizidishi viwili. Mwisho wa yote unachukua jumla ya pointi unazidisha kwa jumla ya vizidishi.

Chukua mfano. Tuseme uko Jumapili mchana una pointi 1,450 na vizidishi 150. Zidisha, una 217,500. Akija Mtaliano wa hamsini, ambaye Italia na zoni yake ulishazipata bendi hiyo, anakuongezea pointi 3, unakuwa na 1,453 mara 150, faida ni 450. Akija mtu wa nchi ambayo hujaipata kwenye hiyo bendi, lakini zoni unayo, unakuwa na 1,453 mara 151, faida ni 1,903. Na kama mtu huyo amekuja na nchi mpya na zoni mpya kwa pamoja, faida ni 3,356. Yaani mtu mmoja wa Hawaii anaweza kuwa sawa na Wataliano saba hivi. Ukishaielewa hii hutakaa tena saa nzima unaita watu haohao wa Ulaya bila kuzunguka bendi kutafuta sauti mpya. Lakini pia hutazunguka tu kutwa nzima, maana hizo 1,450 za kuzidishwa zinatoka kwa Wataliano.

Na usimdharau jirani. Mtanzania mwenzako ni pointi 0, sawa, ila bado anahesabika kama kizidishi cha nchi na cha zoni kama huna mwingine. Mtu mmoja wa Arusha au wa Moshi mkikubaliana mapema kwamba mtakutana bendi zote sita, anaweza kukupa mpaka vizidishi 12, na wewe unampa yeye hivyohivyo. Zanzibar zamani ilikuwa inahesabiwa nchi yake kwenye orodha ya wanaredio, na kolsaini zake zilianza na VQ1, leo ni Tanzania tu, 5H, kwa hiyo mtu wa Unguja hakupi nchi ya ziada hata umbembeleze vipi.

Geuza sasa upande wa pili, uangalie kwa jicho la yule Mjerumani mwenye mnara. Kwake yeye Mjerumani mwenzake ni sifuri na Mtaliano ni moja. Anatafuta nini? Anatafuta wewe. Mtu wa 5H, au 5Z wa Kenya, au 5X wa Uganda, kwake ni pointi 3 na nchi mpya na zoni 37 ambayo haina watu wengi hewani. Sauti yako dhaifu ya wati 100 atainamisha kichwa aisikilize, wakati sauti dhaifu ya Mfaransa anaipita bila kugeuka. Hiyo ndo nguvu ya stesheni ndogo ya kwetu, na haiuzwi dukani.

Haya, tuje kwenye vifaa. Kanuni zinaruhusu hadi wati 1500, na watu wanaogopa hiyo namba. Ipige hesabu: kutoka wati 100 hadi 1500 ni mara 15, ambayo ni kama desibeli 12, na kwenye kipimo cha nguvu cha redio ya yule anayekusikiliza ni hatua mbili tu. Kama wa 1500 anaingia kwa nguvu ya 9, wewe unaingia kwa 7. Sio sawa, lakini unasikika. Kinachokuua sio wati, ni urefu wa antena kutoka chini ukilinganisha na bendi unayotumia. Waya ulioko mita 6 juu ya ardhi kwa bendi ya mita 10 uko juu vizuri, umevuka nusu ya urefu wa wimbi, unatupa mawimbi chini chini kuelekea mbali. Waya huohuo mita 6 kwa bendi ya mita 80 ni kama umelala chini, sehemu kubwa ya nguvu inakwenda juu moja kwa moja na kurudi, utaongea na Morogoro vizuri sana. Ndo maana mimi nasema mwenye paa la kawaida aweke moyo wake kwenye mita 10, 15 na 20, hizo za chini awe anazitembelea kuokota vizidishi.

Antena ya kuanzia ni daipoli, waya mbili tu zinazotoka katikati kwenda pande mbili. Urefu wote kwa mita unaupata kwa kugawa 143 kwa megahezi. Mita 10 kwenye 28.5 unapata kama mita 5, kila upande mita 2 na nusu. Mita 15 ni kama mita 6.75. Mita 20 ni mita 10. Mita 40 ni kama mita 20, na hiyo ya 40 ina zawadi, inafanya kazi na kwenye 15 pia bila kuongeza kitu. Kata ndefu kidogo kuliko hesabu afu upunguze, waya ukishakatwa mfupi haurefuki. Waya wa kufungia umeme wa nyumba wa 1.5 unatosha kabisa, na ukikosa kebo ya redio hata kebo nzuri ya dishi ya omu 75 inafanya kazi kwa daipoli, tatizo lake ni kufunga viunganishi tu. Huku kwetu Ulaya iko kaskazini, kwa hiyo waya unyooke mashariki kwenda magharibi ili utupe kaskazini. Usiupitishe kabisa karibu na nyaya za umeme wa mtaani, hata kama nguzo inaonekana imekaa pazuri, hiyo sio sehemu ya kujaribu bahati.

Wenye bahati ya kukaa ufukweni wana yao. Antena ya kusimama wima ikiwa pembeni kabisa ya maji ya chumvi inatupa mawimbi chini sana kwenye upeo wa macho, kiasi kwamba mlingoti mwepesi pale Bagamoyo au Malindi unaweza kushindana na mnara wa bara. Inatakiwa iwe mita chache tu kutoka kwenye maji, sio nyumba yenye "mtazamo wa bahari" kilomita mbili ndani.

Kelele ndo adui wa pili, na mjini ni mkubwa kuliko wote. Taa za LED za bei ya chini, chaja za simu, kidhibiti cha sola na inveta za majirani, vyote vinatoa mlio unaofunika wale dhaifu uliokuwa unawatafuta. Zima vya kwako vyote kwanza, washa redio kwa betri, afu rudisha kimoja kimoja usikie nani anapiga kelele. Umeme ukikatika mtaa mzima ndo utajua bendi ilikuwa na watu wangapi, na hapo ndo unashukuru kama una betri. Redio ya wati 100 inavuta kama ampia 20 ukibonyeza na kuongea kwa nguvu, ukisikiliza tu ni ampia moja na kidogo. Betri ya N70 ya gari inakubeba saa kadhaa, ila usiishushe chini ya nusu, itakufa mapema. Na kwa kuwa mashindano yako msimu wa vuli, radi ikianza kusogea chomoa kebo ya antena itoe nje, hakuna kizidishi chenye thamani ya redio yako, achilia mbali nyumba.

Radi hizohizo, hata zikiwa mbali Kongo huko, ndo zinazofanya mita 80 na 160 usiku kwetu ziwe kama mtu anakaanga samaki. Watu wa kaskazini wanazifurahia hizo bendi wakati wa baridi, sisi tunapata makombo.

Sasa lini bendi ipi. Jua likiwa juu linachaji tabaka la juu la anga ambalo linarudisha mawimbi ya mita 10 na 15 duniani, na wakati huohuo linatengeneza tabaka la chini linalomeza mawimbi ya mita 40, 80 na 160. Kwa hiyo mchana ni bendi za juu, usiku ni bendi za chini, hiyo ndo nusu ya somo. Nusu nyingine ni kwamba jua lenyewe lina mzunguko wa kama miaka 11, na mzunguko wa sasa, wa 25, ulifika kileleni karibu na Oktoba 2024. Mita 10 bado ina uhai lakini haitabaki hivyo, mwaka hadi mwaka itapungua, na siku ikilala kabisa utahamia 15 na 20.

Ratiba yangu mimi iko hivi: saa tisa usiku naanza mita 40, Marekani ya mashariki wako jioni na Ulaya hawajalala. Jua likichomoza, saa kumi na mbili hivi, nahamia 20 afu 15 natafuta Japani na Asia, maana kwao ni mchana tayari na hawatakaa sana. Kuanzia saa tatu asubuhi mita 10 inafunguka Ulaya, hapo ndo shamba lenyewe. Saa tisa alasiri Marekani wanaamka, na mpaka saa mbili usiku mita 10 na 15 zinaweza kukupa Wamarekani na Wazungu kwa pamoja, hizi saa tano ndo dhahabu, ukiwa unalala basi ulale saa nyingine. Jioni baada ya jua kuzama 10 wakati mwingine inabaki wazi kuelekea kusini mwa Ulaya kama Ugiriki na Kupro, hiyo ni faida ya sisi tuliokaa karibu na ikweta, usiifunge bendi mapema.

Kuita, yaani kukaa sehemu moja ya bendi na kutangaza kolsaini yako, au kufuata, yaani kuzunguka ukiwajibu wanaoita? Stesheni ndogo ya Ulaya inashauriwa izunguke tu iwafuate wakubwa. Kwetu sio hivyo. Jumamosi asubuhi anza kwa kufuata, upate mikono iwe myepesi, afu tafuta sehemu tupu, mita 10 ina nafasi kubwa mpaka juu ya megahezi 28.6, uite wewe. Dakika chache za kwanza unaweza kuita peke yako mpaka ujisikie mjinga. Afu mmoja anakusikia, anaiweka kolsaini yako kwenye klasta, ile orodha ya mtandaoni ya nani yuko wapi, na ghafla wanakuja hamsini kwa mpigo. Hapo watu wengi wanaoanza wanapotea. Dawa ni kushika vipande: umesikia herufi mbili tu, sema hizo mbili, na ukishasema usimpokee mwingine hata akipiga kelele vipi, maana ukimpokea mpiga kelele umewafundisha wote wapige kelele. Taja kolsaini yako kila baada ya dakika moja hivi. Ongea sawasawa, kwa mwendo uleule, wakikuona hutetereki wananyooka wenyewe.

Jumapili mambo yanabadilika. Wale wenye minara wameshaongea na kila mtu, wana njaa, wanaita hewani hakuna anayejibu. Hapo ndo wakati wa kuwazungukia, utawapata kwa mwito mmoja wale ambao Jumamosi ungewaita robo saa.

Uandishi wa logi, ile orodha ya watu wote ulioongea nao, usiuchukulie poa. Programu kama N1MM Logger+ ni ya bure, inakuonyesha vizidishi unavyokosa na inazuia kurudia. Baada ya mashindano kompyuta ya waandaaji inalinganisha logi yako na za maelfu ya wengine, na ukikosea kolsaini unapoteza yale mawasiliano na unakatwa na pointi za ziada juu yake. Kwa hiyo kama hujasikia vizuri uliza tena, sekunde tatu za kuuliza ni rahisi kuliko adhabu.

Chagua kundi linalokufaa. Kuna la wati 100, kuna la wati 5 kwa wanaopenda mateso, kuna la bendi moja tu, na kama una kazi na familia kuna la Classic ambalo linahesabu saa 24 tu kati ya 48. Mwenye leseni isiyozidi miaka mitatu anaweza kujiandikisha kama Rookie. Ukitumia klasta unaingia kundi la wanaosaidiwa, sio dhambi, ila useme ukweli. Kwa stesheni ya paa moja mimi ningechukua bendi moja, mita 10 au 15, wati 100, nilale usiku kama mtu wa kawaida. Na leseni iwepo, kutoka mamlaka ya mawasiliano ya nchi yako: TCRA kwa Tanzania, CA kwa Kenya, UCC kwa Uganda.

Kwa wanaosema bila mnara haiwezekani, waangalie yale mashindano ya timu yanayoitwa WRTC, Ujerumani 2018 na Italia 2023. Timu zote zinapewa antena za aina moja na kikomo cha wati 100, na bado kati ya wa kwanza na wa mwisho kuna pengo kubwa. Pengo hilo linatoka masikioni na kwenye maamuzi ya lini uhame bendi.

Logi inatumwa ndani ya siku tano baada ya kumaliza, hata ukiwa na mawasiliano 40 tume. Waandaaji baadaye wanaweka logi za watu wote hadharani, tafuta ya mtu wa zoni 37 au 36 aliyefanya vizuri, uangalie saa kwa saa alikuwa bendi gani. Linganisha na yako, utaona saa ulizopoteza. Afu wikiendi ya kwanza kamili ya Machi kuna ARRL DX ya sauti, huko unaongea na Marekani na Kanada tu, na mwisho wa mwezi huohuo kuna CQ WPX ambayo vizidishi vyake ni vianzio vya kolsaini badala ya nchi. Kutoka Novemba mpaka hapo una muda wa kupandisha ule waya mita mbili zaidi.